Chenso inazima ikishapata moto: maswali ninayoulizwa kila wiki gerejini Moshi

Gereji yangu iko Pasua, Moshi. Nilianza na pikipiki, lakini siku hizi nusu ya kazi ni chenso, yaani msumeno wa mnyororo: za wapasua mbao wa Rombo na Siha, za wenye vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) Kibosho na Uru wanaopunguza migrivea, za vijana wanaoangusha mikaratusi kwa mkataba. Malalamiko ni mengi, ila moja linashinda yote: asubuhi inawaka kwa mvuto wa pili, inakata vizuri, ikishapata moto inazima na kugoma. Nimeandika majibu yangu hapa ili mtu aliye shambani, mbali na fundi, ajue pa kuanzia kabla hajatoa hela mfukoni.

Fundi, inakata dakika kumi au ishirini halafu inazima. Nianzie wapi?

Anza kwa kukumbuka imezimaje. Hilo ndilo swali ninalomrudishia kila mteja, na wengi hawana jibu kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye mti.

Kama ilififia taratibu, ikaishiwa nguvu, pengine ikapandisha mlio kidogo mwishoni kama mashine inayomaliza tangi, basi mafuta hayafiki. Hapo unatafuta kwenye tundu la hewa la tangi, filta ya mafuta, mpira wa mafuta na kabureta. Kama ilikatika ghafla, kana kwamba mtu kazima swichi, nenda upande wa umeme: koili (inayotengeneza umeme wa cheche), plagi, waya wa swichi. Kama inakata vizuri ila ukiachia resi tu inazima, hiyo ni sailensi, yaani mzunguko wa chini injini ikiwa haina resi, au kuna hewa inayoingia mahali isipotakiwa. Na kama baada ya kuzima kamba ya kuwashia imekuwa nyepesi mkononi kuliko ilivyokuwa asubuhi, ni kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na hapo ujiandae kwa gharama.

La pili, na hili nalisisitiza kuliko yote: ipime ikiwa bado ya moto. Mashine ikipoa, ushahidi umepotea. Koili iliyochoka inatoa cheche nzuri kabisa ikiwa baridi. Sili ya krenki, kipira kinachozuia hewa isiingie ndani ya injini, ikilegea bado inabana vizuri ikiwa baridi. Mtu anapakia chenso kwenye bodaboda kutoka Kibosho, inafika kwangu imeshapoa, naivuta mara mbili inawaka, yeye ananitazama na mimi namtazama. Nafuu angebaki nayo palepale kwenye mti dakika tano akaipima, maana jibu liko kwenye hizo dakika tano.

Kwa hiyo ukienda shambani beba spana ya plagi, plagi mpya, bisibisi bapa na kitambaa kikavu. Ikizima, iweke chini mahali tambarare, zima swichi, funga breki ya cheni. Fungua mfuniko wa tangi polepole huku ukisikiliza, ufunge tena. Jaribu kuwasha. Ikigoma, fungua plagi uitazame kama ni kavu au imelowa, kisha upime cheche. Mwisho vuta kamba usikie uzito wake. Ukimaliza hapo utakuwa umejua zaidi ya ninavyoweza kujua mimi kwa kuiangalia ikiwa baridi juu ya meza.

Tundu la hewa la tangi ni lipi, na linawezaje kuzimisha mashine nzima?

Tangi la chenso haliwezi kutoa mafuta kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Kuna kivalvu kidogo kinachoruhusu hewa iingie bila mafuta kutoka. Kwenye mashine nyingine kimo ndani ya mfuniko, kwenye nyingine ni kijipira au kichupa kidogo kando ya tangi. Unga wa mbao ukichanganyika na oili hutengeneza ugoro mgumu unaokiziba. Mafuta yanapopungua, ndani ya tangi kunabaki mvuto, na mvuto huo unazidi mpaka kabureta inashindwa kunyonya. Mashine inakonda mafuta, inapanda mlio, inazima.

Dalili yake ninayoiamini: ukijaza tangi pomoni inazima mapema, ukiweka nusu inakaa muda mrefu zaidi. Tangi lililojaa halina hewa ya akiba juu ya mafuta, kwa hiyo mvuto unakua haraka. Watu wengi wameniambia jambo hili wenyewe bila kujua maana yake: "Fundi, hii mashine haipendi kujazwa."

Kuhakikisha: ikizima, fungua mfuniko, funga, washa papo hapo bila kuipumzisha. Kama inawaka na kukata muda uleule kisha kuzima tena, na ukifungua mfuniko inakubali tena, umeshapata ugonjwa. Lakini sikiliza vizuri sauti ya mfuniko. Tangi la moto mara nyingi linapumua kwenda nje, kwa sababu petroli imetoa mvuke na kivalvu hakiruhusu utoke. Hiyo ni kawaida, na ndiyo sababu nasema ufungue polepole, mafuta yasije yakakurukia kwenye eksozi iliyo moto. Tunachotafuta ni tangi linalovuta hewa kuingia.

Kukisafisha, kichomoe, kioshe kwa petroli safi, kipulize kwa mdomo pande zote mbili. Upande mmoja lazima upitishe hewa, mwingine uzuie. Kikiziba pande zote au kikipitisha pande zote, badilisha. Hii ni moja ya spea za bei ndogo kabisa kwenye chenso.

Je, nikitoboa mfuniko au nikiulegeza kidogo niendelee na kazi?

Hapana. Ukilaza chenso ubavu kukata kisiki, petroli itamwagika juu ya eksozi. Umeishika mkononi, mbele ya tumbo lako. Nimeletewa mfuniko uliotobolewa kwa msumari wa moto, na nilikataa kuiwasha mashine ile mpaka mfuniko mwingine ulipopatikana.

Nilibadilisha kabureta nzima, bado inazima. Imekuwaje?

Kabureta ndiyo inayolaumiwa kwanza kwa sababu inaonekana ngumu. Miaka ya mwanzo na mimi nilimbadilishia mzee mmoja wa Machame kabureta, akalipa, akaondoka, akarudi siku ya tatu na tatizo lilelile. Lilikuwa tundu la hewa la tangi. Nilimrudishia hela ya ufundi, na tangu siku ile sigusi kabureta kabla sijafuata mafuta kuanzia kwenye tangi.

Fuata njia hiyo nawe. Ndani ya tangi kuna filta ndogo inayoning'inia mwishoni mwa mpira. Ivute nje kwa waya uliokunjwa ncha. Ikiwa nyeusi au inateleza kwa ute, usiioshe, badilisha. Inapitisha mafuta ya kutosha sailensi lakini si ya kukata gogo, kwa hiyo mashine inaonekana nzima mpaka uipe kazi. Kisha ukunje mpira wa mafuta kwa vidole sehemu yote, hasa pale unapopita ukuta wa tangi. Mpira uliozeeka ukiwa baridi unabana, ukipata moto unalegea na nyufa zinafunguka. Hapo kabureta inanyonya hewa badala ya mafuta.

Ukishamaliza hayo ndipo ufungue kabureta. Kabureta za chenso hazina boya kama ya pikipiki. Zina dayaframu, kijingozi chembamba kinachopanda na kushuka. Kikikauka kinakuwa kama karatasi ya sandarusi, ukikitikisa kinalia. Kabureta nzima haihitajiki, seti ya dayaframu na gasketi inatosha, pamoja na kusafisha kichujio kidogo cha wavu kilichomo ndani. Wengi hawajui kama kichujio hicho kipo. Mashine ikifanya kazi msimu mzima wa kupasua mbao, hujaa matope laini kabisa.

Nitajuaje kama ni koili?

Koili inayokufa kwa joto ina tabia ya kutunza saa. Inafanya kazi robo saa, inakatika ghafla, haitaki kabisa kwa nusu saa, kisha inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho tena vilevile. Waya mwembamba uliozungushwa ndani yake una mahali umekatika au umepoteza ngozi, na joto linapoutanua mawasiliano yanapotea.

Kipimo ni kimoja: cheche wakati wa moto. Mara tu inapozima na kugoma, fungua plagi, iweke kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye mwili wa silinda mbali na tundu la plagi, washa swichi, vuta kamba kwa nguvu. Tundu la plagi lizibe kwa kitambaa, maana linaweza kurusha mvuke wa petroli, na uhakikishe mfuniko wa tangi umefungwa na hakuna mafuta yaliyomwagika karibu. Cheche ya bluu inayosikika ni nzuri. Nyekundu dhaifu au hakuna kabisa, weka plagi mpya urudie. Plagi nazo hufa kwa joto, na ni rahisi kuliko koili. Nafasi ya ncha za plagi kwenye chenso nyingi ni milimita 0.5.

Kama plagi mpya nayo haitoi cheche, usikimbilie koili bado. Kuna waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi ya kuzimia. Ukichubuka na kugusa chuma, mashine inazimwa na waya wake yenyewe. Uchomoe waya huo, pima cheche tena. Ikirudi, umeokoa hela ya koili.

Isiporudi, basi ni koili. Unapofunga mpya, kati yake na flaiwili, lile gurudumu lenye sumaku linalozunguka na injini, kuwe na nafasi kama milimita 0.3. Asiye na fila geji, kile kipimo cha nafasi ndogo, atumie kadi ya karatasi ngumu, si kwa kukisia macho. Nafasi ikiwa kubwa cheche inadhoofika, na mashine itakuwa ngumu kuwaka ikiwa moto hata kama koili ni mpya.

Inakata vizuri Kahe, lakini nikipanda nayo Marangu inavuta moshi na kuzima. Inaogopa baridi?

Si baridi, ni hewa. Swali hili ni la kwetu hasa, kwa sababu ni sehemu chache ambapo mtu anakata miti tambarare asubuhi na mchana yuko juu mlimani na mashine ileile.

Moshi mjini tuko kama mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari. Arusha ni kama 1,400. Geti la Marangu limepita 1,800. Kila unapopanda mita 1,000 hewa inapungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta haijui umepanda. Inaendelea kumimina mafuta yaleyale kwenye hewa iliyopungua, na mashine inalewa: moshi mwingi, mlio mzito wa kukohoa, plagi nyeusi iliyolowa, na ukiachia resi ikiwa ya moto inazima.

Dawa ni skrubu mbili za kabureta. H ni ya mafuta wakati wa kukata, L ni ya wakati wa chini na kupandisha resi. Ukizikaza kuelekea kulia unapunguza mafuta, ukizilegeza unaongeza. Kupanda mlima kunataka kukaza kidogo sana, robo ya mzunguko au chini yake, mashine ikiwa imeshapata moto. Kabla ya kugusa, weka alama ya kalamu ili uweze kurudi ulipotoka.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana hapa ndipo pistoni zinapokufa. Ukishuka na mashine iliyokazwa mlimani, hewa inakuwa nzito, mafuta yanakuwa machache, na oili inayolainisha pistoni imo humohumo ndani ya mafuta. Mashine itakuwa na mlio mkali mtamu, itakuonyesha nguvu kuliko siku zote, na baada ya tangi moja au mawili itanoki, yaani pistoni itakwama. Mlio unaopanda bila mzigo na kukaa juu si sifa. Anayeshuka afungue skrubu kabla ya kukata mti wa kwanza. Kama huna uhakika, bora mashine iwe na mafuta mengi kidogo na ivute moshi kuliko iwe kavu.

Kuna mashine mpya zisizo na skrubu za H na L, kwa mfano Stihl zenye M-Tronic na Husqvarna zenye AutoTune. Hizo zinajirekebisha zenyewe kulingana na mwinuko, na ukiona zinazima usitafute skrubu, rudi kwenye filta, tundu la tangi na plagi.

Jambo jingine la mlimani: kadiri unavyopanda, vitu vinachemka kwa joto dogo zaidi. Kina mama wa juu wanajua maharage yanachelewa kuiva, kwa sababu Geti la Marangu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Petroli nayo vivyo hivyo inageuka mvuke mapema ndani ya kabureta yenye moto. Ndiyo maana swali linalofuata linaulizwa zaidi na watu wa juu.

Nikiizima mwenyewe nipumzike dakika tano inagoma kuwaka. Nikiiacha saa nzima inawaka. Ni ugonjwa?

Mara nyingi si ugonjwa, ni namna ya kuizima na kuiwasha. Injini inapozunguka, feni ya flaiwili inaipoza. Ukiizima ghafla baada ya kukata gogo kubwa, feni inasimama na joto lote la silinda linahamia kwenye kabureta. Petroli iliyomo inageuka mvuke. Unavuta kamba, hakuna kinachofika isipokuwa povu.

Kwanza, ukimaliza kukata iache kwenye sailensi nusu dakika hivi kabla ya kuizima. Iweke kivulini, na usiiegemeze kwenye gogo lenye jua. Pili, mashine ya moto haitaki choki. Hili ni kosa la kila siku: inagoma, mtu anavuta choki, anavuta kamba mara kumi, silinda inajaa mafuta, sasa ana matatizo mawili. Kama ina kile kipira cha kubonyeza kusukumia mafuta, kibonyeze mara kadhaa ili mafuta baridi kutoka tangini yasukume mvuke nje. Weka resi nusu, vuta.

Kama imeshajaa mafuta, zima swichi, toa plagi, geuza tundu pembeni mbali na uso wako, vuta kamba mara sita mpaka kumi, kausha plagi, rudisha, washa bila choki huku resi ikiwa imebonyezwa yote na breki ya cheni imefungwa.

Ukiona tabia hii imeanza juzi tu kwenye mashine ambayo zamani haikuwa nayo, tazama mapezi ya silinda. Fungua kifuniko cha juu. Nimekuta unga wa mbao umeshindiliwa kati ya mapezi mpaka chuma hakionekani, umekaangika na kuwa mweusi. Mashine hiyo haina pa kutolea joto. Kijiti na brashi ya meno vinatosha kuisafisha.

Inazima nikiachia resi tu. Nikiongeza sailensi cheni inazunguka yenyewe.

Usiongeze sailensi mpaka cheni izunguke, hiyo ni hatari. Skrubu ya sailensi, Stihl wameiandika LA na Husqvarna T, ni ya kumalizia tu. Anza na eya klina (filta ya hewa) chafu, kisha skrubu ya L.

Ukirekebisha leo ikakubali, kesho ikakataa, na ukaona ukiachia resi mlio unachelewa kushuka kabla ya kuzima, fikiria hewa inayoingia kwa siri. Kuna njia mbili kubwa: mpira unaounganisha kabureta na silinda, ambao hupasuka kwa mtikisiko, na sili za krenki. Sili zikiwa baridi zinabana, zikipata moto zinalegea. Mpira unaweza kuuona kwa kuutanua na vidole. Sili hazionekani, zinapimwa gereji kwa kuziba njia zote na kusukuma hewa kwa pampu ndogo ya mkono mpaka nusu baa, kisha kuangalia kama inashuka. Fundi asiye na pampu hiyo anakisia, na kukisia kwenye sili kunaishia kwenye pistoni mpya. Mwulize kabla hujamwachia mashine.

Kompresheni naipimaje shambani?

Swichi ikiwa imezimwa, shika mpini wa kamba na uinue chenso ining'inie kwa kamba yake, karibu na ardhi. Mashine yenye kompresheni nzuri hushuka kwa kusitasita, hatua kwa hatua, kila pistoni inapokutana na upinzani. Mashine iliyochoka inateremka moja kwa moja. Fanya asubuhi ikiwa baridi, fanya tena ikizima, ulinganishe. Kama ina kitufe cha kupunguza mgandamizo, hakikisha hakijabonyezwa.

Kwa geji, 150 psi ni afya njema kwa mashine nyingi. Ikishuka kukaribia 100, baridi inaweza kuwaka ila moto itakusumbua. Ukifungua eksozi na kutazama kwenye tundu lake kwa tochi utaona ubavu wa pistoni. Ukiwa laini unang'aa, vizuri. Ukiwa na mikwaruzo ya wima, acha kukata hapohapo. Na usibadilishe pistoni bila kutafuta kilichoikwaruza, maana mpya itafuata njia ileile.

Ukiwa hapo kwenye eksozi, angalia na wavu wa kuzuia cheche kama ameuweka aliyeitengeneza. Ukijaa masizi mashine inakabwa koo na kuchemka. Unasafishwa kwa brashi ya waya.

Mafuta nichanganye vipi?

Fuata kitabu cha mashine yako. Kwa Stihl ni 1:50 ukitumia oili yao, na vitabu vyao vingi vinasema 1:25 kwa oili nyingine ya tu-stroki ya injini zinazopozwa kwa hewa. 1:50 maana yake mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, lita tano ni mililita 100. 1:25 ni mililita 40 kwa lita.

Kofia ya chupa si kipimo. Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake. Bomba moja kwa lita moja, umemaliza. Changanya kwenye galoni safi, tikisa, ndipo umimine tangini. Usimimine oili ndani ya tangi halafu petroli juu.

Oili ya injini ya gari haifai, inaacha masizi na haichomeki vizuri. Oili ya injini za boti nayo si ya hapa, zile zinapozwa kwa maji. Ya cheni ni ya cheni.

Petroli ya chupa ya barabarani naikataa. Huijui imekaa juani siku ngapi wala kama imechakachuliwa kwa mafuta ya taa, na mafuta ya taa yanaleta moshi, joto kupita kiasi na plagi chafu, dalili zilezile unazokuja kunilalamikia. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja usiutumie. Kama unaitengeneza mwenyewe, kabla hujafungua chochote kwenye mashine inayozima, mwaga mafuta yote, weka mapya uliyopima mwenyewe. Sehemu kubwa ya mashine zinazoletwa kwangu nazianzia hapo, na baadhi zinaishia hapohapo.

Cheni butu inaweza kuzimisha mashine?

Ndiyo. Tazama kinachotoka: cheni yenye makali inatema vipande, butu inatema unga kama wa sembe. Ukiona unga, unaisukuma mashine kwa mabega, inachemka, inazima. Oili ya cheni ikiisha nayo inafanya hivyohivyo. Na kama springi ya klachi imekatika, klachi inashika hata kwenye sailensi na kuizima ukiachia resi. Huko hakuna kabureta wala koili.

Spea za kuiga zinafaa?

Filta na mipira, kama inalingana, naifunga bila wasiwasi. Koili na dayaframu nachagua halisi, kwa sababu ndizo zinazokufa kwa joto na ndizo zinazokurudisha shambani kwa mguu. Kwa pistoni na silinda inategemea mashine imebakiza maisha kiasi gani. Kwa Stihl 070 ya zamani ya kupasua mbao kila siku, ingia gharama.

Nikiileta gereji nije na nini?

Kama umeamua kuniletea badala ya kuitengeneza mwenyewe, ilete na mafuta yaleyale yaliyokuwa ndani ilipozima, usiyamwage. Ilete na plagi uliyoitoa, hata kama umeweka mpya, rangi yake inasema mengi: ya kahawia nzuri, nyeusi iliyolowa, au nyeupe iliyoungua. Usiioshe kwanza, uchafu ulipo unanionyesha mafuta yanavuja wapi. Niambie ulikuwa unakata wapi, juu au chini, kwa muda gani, na ilizimaje. Usiwe na haraka siku hiyo. Nina gogo la mkaratusi nyuma ya gereji. Tutaiwasha, tutakata pamoja, na tutasubiri izime mbele yangu.